Mwongozo kamili: kukadiria obiti ya setilaiti ya mawasiliano kwa mawimbi ya GPS na Galileo, kwa mfano wa nyuzi 36 mashariki

Madishi mengi yaliyofungwa juu ya mabati ya Mwanjelwa, Soweto na Kabwe jijini Mbeya yameelekezwa kaskazini, karibu na utosi, kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki ambako kampuni ya Eutelsat huweka setilaiti zake za matangazo ya Afrika. Kwa fundi dishi, setilaiti hiyo imesimama. Kwa mwenye nayo haijasimama hata kidogo: inakwenda kwa kasi ya kilomita 3.07 kwa sekunde, inavutwa na Mwezi na Jua, inasukumwa na mwanga wa Jua, na kila baada ya muda injini zake ndogo huwashwa ili isitoke kwenye kisanduku chake, ambacho kwa kawaida ni nyuzi 0.05 kila upande, yaani kama kilomita 37. Kabla ya kuirudisha mahali pake ni lazima ijulikane ilipo na inakoelekea.

Njia ya zamani, ambayo bado inatumika sana, ni kutuma wimbi kutoka kituo cha ardhini, kupima muda linaochukua kwenda na kurudi, na kusoma pembe za antena. Umbali hupatikana vizuri, lakini pembe ni tabu, kwa kuwa kosa la nyuzi 0.01 tu kwa umbali wa kilomita 36,000 ni zaidi ya kilomita 6 angani. Njia ya pili ni kuweka kipokezi cha GPS ndani ya setilaiti yenyewe. Setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani GOES-16, iliyorushwa Novemba 2016, hufanya hivyo, na Hispasat 36W-1 ya Hispania, iliyorushwa Januari 2017 kwa kazi ya mawasiliano, ilibeba kipokezi cha aina hiyo. Njia hii inazidi kuwa na maana kwa setilaiti zinazopanda kwa injini za umeme, kwa sababu safari hiyo huchukua miezi na kuzifuatilia muda wote kutoka ardhini ni gharama.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa mawasiliano wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au kwa mpima ardhi wa Iringa au Njombe aliyekwisha kuzoea GNSS (mifumo ya setilaiti za kupimia mahali, kama GPS) ya ardhini na anayetaka kuiona kutoka juu. Vipimo halisi vya ndani ya setilaiti hubaki kwa mwenye nayo. Kwa hiyo tutachukua njia halisi za mzunguko, yaani obiti, za GPS na za Galileo ya Ulaya, tutatengeneza vipimo ambavyo kipokezi kilichoko nyuzi 36 mashariki kingevipata, kisha tutaikadiria obiti kana kwamba hatuijui. Wanaoanza hukimbilia tatizo la wimbi dhaifu. Wimbi ni dhaifu kweli, lakini hilo watengenezaji wa vipokezi wamekwisha kulimudu. Ugumu uliobaki uko kwenye jiometri na saa, na dawa yake ni modeli nzuri ya nguvu zinazoisukuma setilaiti. Usitafute nafasi ya papo hapo. Tafuta obiti.

Maandalizi

Kompyuta ya kawaida inatosha. Weka Python pamoja na maktaba ya hesabu ya NumPy, au Octave kama umeizoea. Ukipenda kukagua hesabu zako kwa programu iliyokomaa, GMAT ya NASA na Orekit ni za bure, ila ninashauri uandike mwenyewe toleo la kwanza, kwa sababu programu kubwa huficha makosa ya mtumiaji vizuri kuliko inavyoyaonyesha.

Data utakayopakua ni mafaili ya SP3, yenye nafasi na saa za setilaiti zote za urambazaji, kwa kawaida kila baada ya dakika 15 au 5. Hutolewa na vituo vya uchambuzi vya IGS, huduma ya kimataifa ya GNSS, na hupatikana kwenye hifadhi ya CDDIS ya NASA baada ya kujisajili bila malipo. Chukua siku tatu zinazofuatana ingawa utatumia ile ya katikati, kwa maana utafutaji wa nafasi kati ya nukta huharibika kwenye kingo za faili. Mafaili haya ni madogo, kwa hiyo bando la kawaida halitalia.

Saa na fremu: mahali pa kwanza pa kuharibikiwa

Fanya kazi katika fremu mbili za kupimia nafasi, moja inayozunguka na Dunia na nyingine isiyozunguka, na uandike wazi kila namba iko katika ipi. Mafaili ya SP3 yako katika fremu inayozunguka na katika saa ya GPS. Modeli ya nguvu inataka fremu isiyozunguka. Tangu Januari 1, 2017 saa ya GPS iko mbele ya saa ya dunia, UTC, kwa sekunde 18. Sekunde hizo zikisahaulika wakati wa kugeuza fremu, Dunia inakuwa imezunguka nyuzi 0.075, na setilaiti yako inahama kilomita 55, yaani inatoka nje ya kisanduku chake kabla hujaanza kazi.

Weka hali ya mwanzo. Nusu-mhimili mkuu, yaani nusu-kipenyo cha obiti kutoka kitovu cha Dunia, ni kilomita 42,164, kwa hiyo katika fremu inayozunguka setilaiti iko takriban X = 34,111, Y = 24,783 na Z = 0, zote kwa kilomita. Kisha jipime kwa jambo linaloweza kukaguliwa juu ya paa. Kutoka Mbeya mjini, iliyoko kama nyuzi 8.9 kusini na 33.45 mashariki, hesabu yako itoe mwinuko wa nyuzi 79, uelekeo wa nyuzi 16 mashariki ya kaskazini, na umbali wa karibu kilomita 35,880. Kutoka Iringa mwinuko ni karibu nyuzi 81 na uelekeo karibu kaskazini kamili. Ukipanda juu na kipima pembe cha simu na kukilaza kwenye uso wa dishi, usishangae kukuta pembe ndogo kuliko hiyo: madishi mengi ya nyumbani hukusanya wimbi kwa pembeni, na uso wake haulingani na mstari wa kwenda kwenye setilaiti.

Nani anaonekana kutoka juu

Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kama kilomita 20,200, chini kabisa ya setilaiti yetu iliyoko kilomita 35,786, na antena zake zinatazama Dunia. Ina maana kwamba setilaiti ya GPS iliyo upande wetu wa Dunia imetugeuzia mgongo. Tunazozisikia ni zile za upande wa pili, ambazo mwale wake unapita kando ya Dunia na kuendelea hadi kwetu.

Kwa kila nukta ya muda na kila setilaiti ya GPS, hesabu pembe kati ya mstari unaotoka kwake kwenda kitovu cha Dunia na mstari unaotoka kwake kuja kwako. Dunia yenyewe, ikitazamwa kutoka GPS, inajaza pembe ya nyuzi 13.9 kutoka katikati. Mwale mkuu wa L1, masafa makuu ya GPS, unafika hadi karibu nyuzi 23.5. Hivyo mwale mkuu unaotufikia ni pete nyembamba iliyobaki kati ya pembe hizo mbili, na bado inafaa kuipunguza: mwale unaopita chini ya kimo cha kilomita 1,000 hukata tabaka la ionosfia, hewa ya juu yenye chembe za umeme, kwa kulalia, mara mbili, na kucheleweshwa kwa kiasi kisichotabirika. Ukiutupa mwale huo, mpaka wa ndani unakuwa nyuzi 16.1. Kwa Galileo, ambazo ziko juu zaidi, kwenye nusu-kipenyo cha kilomita 29,600, mpaka huo ni nyuzi 14.4.

Chora sasa idadi ya setilaiti zinazoonekana kwa saa 24. Kwa mwale mkuu wa GPS peke yake utaona idadi ikikaa chini ya nne muda mwingi, na mara nyingine sifuri. Kisha ongeza miale ya pembeni, ile midogo inayovuja nje ya nyuzi 23.5, na uongeze Galileo, mchoro utapanda. Namna miale ya pembeni inavyosambaa kwa setilaiti za GPS za kizazi cha IIR na IIR-M ilitolewa hadharani na Lockheed Martin, nayo ni bora kuliko kubuni mduara wako mwenyewe, kwa maana miale hiyo haikai sawa pande zote.

Nguvu ya wimbi

Hapa pitia haraka ila usiruke. Wimbi la kando ya Dunia husafiri kilomita 67,500, na kwa urefu wa wimbi wa sentimita 19.03 hupoteza desibeli 193 njiani. Ardhini GPS huahidi angalau −158.5 dBW (desibeli zikilinganishwa na wati moja) kwa wimbi la kiraia la L1. Kwa setilaiti za kizazi cha tatu ahadi kwenye kimo chetu, kwenye ukingo wa nyuzi 23.5, ni −184 dBW. Tofauti ya desibeli 25.5 ni kusema wimbi limedhoofika mara 350 hivi.

Antena yenye ongezeko la desibeli 9 inayotazama Dunia huirudisha nguvu hiyo hadi −175 dBW. Kelele ya kipokezi chenye joto la kelvini 300 ni karibu −203.8 dBW kwa kila hezi, na ukitoa desibeli mbili za upotevu unabaki na uwiano wa wimbi kwa kelele wa karibu 27 dB-Hz. Simu iliyo mkononi mwako pale Kabwe huona 40 hadi 45. Kipokezi cha angani lazima kiweze kushika wimbi la 25 au chini yake, na kinaweza, kwa kuwa kinajua mapema Dopla (badiliko la masafa litokanalo na mwendo) ya kutarajia na kina muda wa kukusanya wimbi polepole. Katika zoezi letu weka kizingiti cha 25 na uendelee.

Kutengeneza vipimo

Kipokezi hakipimi umbali halisi. Hupima umbali ghafi, yaani umbali halisi pamoja na kosa la saa yake likizidishwa kwa kasi ya mwanga, ukitoa kosa la saa ya mrushaji, pamoja na kelele. Mambo mawili huwapiga chenga hata watu wazoefu wa kazi za ardhini.

La kwanza ni muda wa safari. Wimbi huchukua sekunde 0.225, na ndani ya muda huo setilaiti ya GPS imesogea karibu mita 870. Tafuta nafasi yake wakati wa kurusha, siyo wakati wa kupokea: kisia muda, hesabu umbali, sahihisha muda, rudia hadi namba itulie, jambo ambalo huisha kwa mizunguko mitatu. Fanya hesabu hii katika fremu isiyozunguka. Ukiifanya katika fremu ya Dunia bila kurekebisha mzunguko wake, unaiweka setilaiti ya GPS kando ya mahali pake kwa kiasi kinachoweza kufika mita 400 na ushei, na kosa hilo lina mpangilio, kwa hiyo kichujio, yaani hesabu ya kukadiria tutakayoiona mbele, hakitalidhania kuwa kelele.

La pili ni saa. Nanosekunde moja ni sentimita 30, mikrosekunde moja ni mita 300. Saa iliyo kwenye kimo chetu hukimbia mbele ya saa ya ardhini kwa mikrosekunde 46.6 kwa siku kwa sababu ya nadharia ya uhusianifu, na hizo ni kilomita 14 kila siku. Haina haja ya kukutia hofu, kwa kuwa ni mwendo wa kudumu unaomezwa na kipengele cha kasi ya saa, mradi umekiweka kipengele hicho.

Ongeza kelele ya nasibu: mita 5 kwa mwale mkuu na mita 15 kwa miale ya pembeni ni chaguo la busara kwa zoezi. Rekodi kipimo kimoja kwa dakika kwa kila setilaiti inayosikika.

Modeli ya nguvu

Hapa ndipo obiti inapopatikana, na ndipo ninapokuomba usiwe na haraka. Mvuto wa Dunia kama tufe kamili, kwenye kimo hiki, ni mita 0.224 kwa sekunde mraba. Ubapa wa Dunia huongeza kama sehemu 8.3 za milioni ya mita kwa sekunde mraba, Mwezi kama 7.3, na Jua 3.3. Nguvu hizi tatu ziko katika daraja moja, na ni kosa kuweka ubapa ukaacha Mwezi, kama wafanyavyo waliozoea setilaiti za chini. Weka pia vipengele vya uga wa mvuto hadi daraja la 8, maana Dunia siyo duara hata kwenye ikweta, na umbo hilo huivuta setilaiti ya nyuzi 36 kuelekea nyuzi 75 mashariki, moja ya sehemu mbili za utulivu.

Shinikizo la mwanga wa Jua ni dogo, kama 0.12 kwa kipimo hichohicho kwa setilaiti yenye mita mraba 0.02 kwa kila kilo, lakini likiachwa kwa siku moja linaweza kuzaa kosa la mamia ya mita. Lifanye kipengele cha kukadiriwa. Kumbuka kivuli: karibu na Machi 20 na Septemba 22 setilaiti huingia kwenye kivuli cha Dunia kila siku, kwa muda unaofika karibu dakika 70, na shinikizo hilo huzimika kabisa.

Kwa nini modeli hii inaokoa jiometri? Mawimbi yote yanatufikia kutoka ndani ya koni kuizunguka Dunia, ya nyuzi 39 kutoka katikati kwa GPS na karibu nyuzi 45 kwa Galileo. Hakuna linalotoka juu wala pembeni. Ni kama mpima ardhi anayetaka nafasi ya kilele cha Loleza kwa vituo vilivyopangwa vyote kwenye barabara moja ya mjini. Kimo cha setilaiti na kosa la saa hufanana mno, na hesabu ya papo hapo huvichanganya. Lakini obiti ina sheria yake: ukikosea nusu-mhimili mkuu kwa mita 10, setilaiti itaachwa nyuma kwenye njia yake kwa mita 94 katika mzunguko mmoja, na mwendo huo wa pembeni kipokezi kinauona vizuri. Kimo kisichopimika kwa dakika moja hupimika kwa siku moja.

Kichujio

Tumia kichujio cha Kalman chenye vipengele tisa: vitatu vya nafasi, vitatu vya kasi, kosa la saa, kasi ya kosa hilo, na kizidishi cha shinikizo la Jua. Anza na mashaka makubwa ya kweli: kilomita 10 kwa nafasi, mita moja kwa sekunde kwa kasi, na milisekunde moja kwa saa, ambayo ni kilomita 300. Sukuma hali mbele kwa dakika moja kwa modeli ya nguvu, sukuma na matriksi ya mashaka, kisha sahihisha kwa kila kipimo kilichopo, kimoja baada ya kingine. Kipimo kimoja kinatosha kusahihisha. Si lazima viwe vinne. Setilaiti zikikosekana kabisa kwa nusu saa, kichujio kinaendelea kwa modeli tu, nawe unaona mashaka yakipanda taratibu kwenye mchoro.

Kataa kipimo kinachotofautiana na matarajio kwa zaidi ya mara nne ya mashaka yake, ila usianze kukataa kabla ya saa mbili au tatu za mwanzo, vinginevyo kichujio kitatupa vipimo vizuri na kushikilia kisio lake baya.

Kujikagua

Gawa kosa katika pande tatu: la kimo, la njia, na la kukata njia. Kosa la kimo litakuwa la mwisho kutulia. Baada ya saa 24 makosa yawe makumi ya mita au chini yake, na yakae ndani ya mashaka ambayo kichujio chenyewe kinadai. Kikidai mita 3 na kosa likawa mita 60, kichujio kinajisifu. Ongeza kelele ya mwendo, yaani mashaka yanayoongezwa kila hatua kwa ajili ya makosa ya modeli.

Kuna udanganyifu mmoja wa kuepuka. Ukitengeneza obiti ya kweli kwa modeli ileile inayotumiwa na kichujio, matokeo yatapendeza kupita kiasi na hayatakufundisha kitu. Obiti ya kweli ipe uga wa mvuto wa daraja la juu zaidi, eneo la paneli linalobadilika na saa inayoyumba, kisha kichujio kipe modeli nyepesi. TLE, yaani mistari miwili ya namba za obiti, kutoka tovuti ya CelesTrak zinafaa kuhakikisha tu kwamba uko kwenye longitudo sahihi, kwa kuwa makosa yake kwa obiti hii ni ya kilomita.

Injini zinapowashwa

Kuzuia obiti isiinamie kaskazini na kusini hugharimu kama mita 50 kwa sekunde kwa mwaka, na kila msukumo huvunja modeli yako. Ukijua saa na ukubwa wa msukumo, uingize kwenye kasi na upanue mashaka ya kasi kwa asilimia chache za ukubwa huo. Usipojua, panua kelele ya mwendo kwa dakika zote za msukumo, na ukubali kwamba kimo kitahitaji saa kadhaa kurudi kwenye hali yake. Jaribu yote mawili: msukumo wa mita moja kwa sekunde kuelekea kaskazini, saa sita usiku, mara ukiutaja kwa kichujio na mara ukiuficha.

Zoezi la vipimo halisi

Ipo namna ya kugusa setilaiti halisi ya mawasiliano kutoka paa la Mbeya, kwa njia ya kinyume. GSAT-8 ya India, iliyorushwa Mei 2011 na kuwekwa nyuzi 55 mashariki, imebeba pia mtambo wa GAGAN, mfumo wa India wa kusahihisha GPS, unaorusha wimbi la L1 linalofanana na la GPS. Kutoka Mbeya iko kwenye mwinuko wa nyuzi 63, uelekeo wa nyuzi 69, juu kuliko nyumba na miti mingi. Tumia kipokezi cha upimaji kinachohifadhi data ghafi katika muundo wa RINEX, ukiwashe upokeaji wa SBAS, yaani mifumo ya aina ya GAGAN, na kiache saa 24 kwenye nukta unayoijua. Weka betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya usiku unapoteza nusu ya umbo la mchoro. Tafuta safu ya S27, ambayo ni namba 127 ya setilaiti hiyo. Toa kosa la saa ya kipokezi lililopatikana kwa GPS, kisha chora umbali ghafi uliobaki. Mkengeuko wa obiti kutoka umbo la duara wa 0.0003 tu ungeonekana kama kupanda na kushuka kwa karibu kilomita 12.6 kila upande kwa siku. Ujumbe wa namba 9 wa mfumo huo una nafasi ya X, Y na Z inayotangazwa na setilaiti yenyewe, kwa hiyo hesabu umbali kutoka kwenye nukta yako hadi nafasi hiyo, utoe kwenye kipimo chako, na uanze kichujio kilekile kwa mabaki yanayobaki.